Mpangaji Mwenye Sahihi Mia Mbili na Kumi na Nne

Nchi yetu ina amani, na asiyeamini aende akaulize Wizara ya Amani, wanafungua saa tatu. Mimi binafsi sina la kulalamika. Nilifundisha mwandiko katika shule za serikali kwa miaka thelathini na miwili, na sasa nimestaafu, ninaishi chumba namba tisa, Jengo la Fahari, mali ya Mamlaka ya Paa na Kuta. Kuta tunazo. Kuhusu paa, Mamlaka imeunda kamati.

Ninaandika habari hizi kwa sababu kuna watu wa nje wanaoeneza kwamba Msimamizi wetu wa majengo, Bwana Projest Lwambano, hakuwajibishwa baada ya yale yaliyotokea chumba namba kumi na nne. Ni uongo. Aliwajibishwa kweli kweli, mbele ya wapiga picha, na vitafunio vilikuwapo.

Kwanza mwielewe sheria yetu ya upangaji, maana ndiyo inayotuletea heshima duniani. Kwetu sisi mtu hahamii chumba chochote bila Barua ya Sifa, na barua hiyo huandikwa na kutiwa sahihi na majirani wa kule anakotoka. Utangulizi wa sheria unasema hakuna amjuaye mtu kama jirani yake. Hapo waliotunga sheria walisema kweli tupu. Jirani anajua unachopika, unachoficha, na unarudi nyumbani kwa sauti gani.

Sasa, binadamu ni binadamu. Mlevi anayekojoa kwenye ngazi akiomba barua ahame, nani atamnyima? Watu husukumana kwenye foleni wakigombea kalamu. "Ni mtu wa watu," wanaandika. "Mtaa utabaki yatima." Akufukuzaye hakwambii toka, na sisi tumesonga mbele zaidi, tunakupigia na vigelegele. Lakini mpangaji mwema akiomba barua, majirani wanashikwa na maumivu ya mkono wote kwa pamoja. Tulikuwa na Mzee Ngwale chumba namba mbili, mtu mpole, aliyefagia uwanja mzima kila asubuhi bila kuombwa. Aliomba barua mara nne ili ahamie kwa bintiye, ambako kulikuwa na paa. Tukamnyima mara zote nne, kwa mapenzi. Alifia chumba namba mbili kwa kikohozi, na mpaka leo uwanja haujafagiwa.

Kwa hiyo kila mwenye akili nchini kwetu anajua kwamba ukiona barua nene, ufunge mlango. Kila mtu anajua, ila hakuna ofisa anayeruhusiwa kujua.

Ndiyo maana kanuni ya saba inamtaka Msimamizi, kabla hajatoa ufunguo, aende kwa miguu yake kule mpangaji anakotoka, akakione chumba cha zamani kwa macho yake. Ni kanuni fupi kuliko zote. Ofisini kwa Bwana Lwambano imetundikwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi haionekani, na mlango wake huwa wazi siku zote kwa ajili ya wananchi.

*

Siku Bwana Shaweji alipokuja kuomba chumba nilikuwapo pale ofisini, nikifuatilia balbu ya ngazini. Mama Chiku naye alikuwapo, akifuatilia habari za paa. Huyu ni mjane wa chumba namba ishirini na mbili, ghorofa ya juu, mshona sare za shule. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Chiku, wa miaka kumi, aliyekuwa akikariri hesabu za kuzidisha kwa sauti ya mnadani mpaka jengo zima tukazijua upya.

Bwana Shaweji aliacha mkokoteni wake mlangoni. Juu yake palikuwa na godoro, kiti, na mitungi ya gesi thelathini na moja, mikubwa kwa midogo. Nyusi hakuwa nazo. Hakuna aliyemuuliza zilikokwenda, maana fomu ya mpangaji haina sehemu ya nyusi.

Bwana Lwambano aliipokea barua yake kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mizani. Ni mizani ya buchani, Mamlaka iliinunua maalumu kwa ajili ya uchunguzi wa wapangaji.

"Robo tatu ya kilo!" akasema, na machozi yakamlengalenga. "Sahihi mia mbili na kumi na nne! Tangu nikabidhiwe ofisi hii sijapata kumwona mpangaji mzito namna hii. Sikilizeni: 'Mtaa wetu wa Mnazi Mkavu haujapata kulala usingizi bila kumkumbuka kwanza.' Sikilizeni na hapa: 'Tunaomba apewe chumba leo hii, kabla jua halijazama.' Jamani, huo ndio upendo."

Mama Chiku aliinuka kwenye benchi.

"Samahani, Bwana Msimamizi. Ulikwenda Mnazi Mkavu kukiona chumba alichotoka?"

"Mama, watu mia mbili na kumi na nne wamekiona kwa niaba yangu."

"Wao wanataka aondoke, baba."

"Mama Chiku!" Bwana Lwambano alivua miwani. "Unazitilia shaka sahihi za raia? Unajua kifungu?"

"Sizitilii shaka. Ni mwendo wa dakika ishirini tu. Chumba mnachompa kiko chini ya changu, mimi na mtoto wangu tunalala juu yake. Ndiyo maana nauliza."

"Serikali hii," alisema Bwana Lwambano, akimgeukia Bwana Shaweji na ufunguo mkononi, "haiendeshwi kwa miguu. Inaendeshwa kwa nyaraka."

Mama Chiku alinitazama. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya balbu. Nikapewa.

*

Kazi ya Bwana Shaweji ilikuwa kuhamisha gesi kutoka mitungi mikubwa kuiingiza kwenye midogo, kwa mpira wa kumwagilia bustani, humo humo chumbani, sigara mdomoni. Siku ya tatu jengo lote lilinuka. Mama Chiku akapeleka malalamiko, akajibiwa kwa barua nzuri sana kwamba mpangaji mwenye sahihi mia mbili na kumi na nne hulalamikiwa kwa sahihi mia mbili na kumi na tano. Jengo letu lina watu sitini na mmoja, wachanga wakiwamo. Akapeleka tena. Akajibiwa kwamba malalamiko ya mara ya pili hupokelewa baada ya kujibiwa ya mara ya kwanza, na ya mara ya kwanza yalikuwa bado yanajibiwa.

Mara ya tatu Bwana Lwambano alikuja mwenyewe. Alisimama nje ya chumba namba kumi na nne, akavuta pumzi mara mbili, akaandika kwenye daftari: "Harufu ipo, ila haijathibitika." Mama Chiku akamwambia agonge basi, aingie aone. Akasema kuingia chumbani mwa mpangaji mwenye sifa bila kualikwa ni utovu wa adabu, na yeye kwao alilelewa vizuri.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Mama Chiku alikuwa amepeleka sare mtaa wa pili, amemwacha mwanawe mezani na jedwali la saba, akirudi amsikilize. Bwana Shaweji alikuwa ametoka kwenda kununua kiberiti.

Mlipuko ulisikika mpaka Bungeni, ambako Mheshimiwa mmoja alisimama kushukuru, akidhani anapigiwa mizinga ya heshima. Mimi nilikuwa uani naanika shati. Nilikuwa nikimsikia Chiku akikariri dirishani. Saba mara nane nilimsikia. Saba mara tisa sikumsikia.

Siwezi kuandika zaidi hapo. Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Wiki iliyofuata Bwana Shaweji, mzima wa afya, aliomba barua ahame. Mniwie radhi: mwandishi wa barua katika Jengo la Fahari ni mimi, kwa ajili ya mwandiko wangu. Tulimsifu mpaka kamusi ikaisha. Wote tulitia sahihi, na wachanga tuliwachovya dole gumba kwenye wino, kwa hofu kwamba barua ikiwa nyepesi atarudi. Ni Mama Chiku peke yake aliyekataa. Alisema kule anakokwenda kuna mtu anayelala juu yake. Tulimwonea huruma, tukaona msiba umemchanganya akili.

*

Nchi nyingine mtu aliyefiwa hajui aanzie wapi. Kwetu anaanzia dirisha namba moja. Mama Chiku alikwenda kumshtaki Bwana Lwambano kwamba alitoa ufunguo bila kutimiza kanuni ya saba, na karani wa dirisha namba moja, kijana msafi mwenye tai, akampa fomu. Nilimsindikiza, kwa hiyo naelewa ninachosema.

"Jina?"

"Mama Chiku."

Karani aliandika, akasita, akafuta. "Chiku yupo?"

"Chiku amefariki. Ndilo shauri lililonileta."

"Pole sana, mama. Basi jina hili muda wake umekwisha. Mama wa mtu lazima mtu awepo. Una mtoto mwingine?"

"Sina."

"Basi nenda dirisha namba sita ukapate jina, halafu urudi. Usihuzunike, mama, wengi huwa wanatokewa na jambo hili."

Alikwenda dirisha namba sita. Walimpa "Bi Mwombaji", jina la muda la siku tisini. Hakulia. Mimi nilidhani atalia, nikawa nimeandaa leso. Alilitazama lile jina kwenye karatasi, akaikunja, akasema, "Mimi ni Mama Chiku," kwa sauti ya kawaida tu, akarudi dirisha namba moja kusimama kwenye foleni.

*

Baraza la Kuwajibisha lilikaa mwezi wa nne, wajumbe kumi na tisa, ukumbi umepambwa vitambaa. Bwana Lwambano alikuja na suti nyeusi mpya. Alipopewa nafasi alisimama, mkono kifuani, mpaka wapiga picha wakamaliza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "nataka taifa lijue kwamba mhanga wa kwanza wa mkasa huu ni mimi. Nilidanganywa. Nilidanganywa na karatasi ambayo niliipokea kwa mikono miwili, nikaipima kwa uaminifu, nikaipenda. Marehemu amepoteza maisha. Mimi nimepoteza imani na karatasi, Mheshimiwa, na ninalazimika kuendelea kuishi nayo hali hiyo."

Wajumbe wanne walifuta machozi. Wa tano alipiga makofi, akanyamazishwa, kisha wakaruhusu makofi.

Baraza lilitoka kwa dakika kumi, likarudi na hukumu. Barua ya Sifa ya Mnazi Mkavu ilionekana na hatia ya kumdanganya mtumishi wa umma. Ikahukumiwa kifungo cha miaka saba kabatini. Askari wawili waliichukua, mmoja akaishika upande huu na mwenzake upande ule, wakatoka nayo taratibu kwa kuwa ilikuwa nzito. Bwana Lwambano alipewa likizo ya miezi miwili ya kutuliza moyo, na mizani mpya, kubwa zaidi, isiyodanganyika. Kwa upande wa aliyefiwa, Mamlaka iliahidi kwamba ngazi iliyoungua, ikishajengwa, itaitwa Ngazi ya Chiku.

Mama Chiku alinyoosha mkono.

"Sitaki ngazi," alisema. "Sitaki afungwe wala afukuzwe. Nataka anijibu neno moja. Bwana Lwambano, ulikwenda Mnazi Mkavu? Kama hukwenda, sema hapa mbele ya watu, 'sikwenda.' Ukishasema nitakwenda zangu nyumbani, sitakusumbua tena mpaka naingia kaburini."

Bwana Lwambano alitazama viatu vyake. Mwenyekiti akaeleza, kwa upole, kwamba baraza lenye wajumbe kumi na tisa haliwezi kushughulikia neno moja, kwani hata mgawanyo wake utakuwa mgumu. Halafu vitafunio vikaletwa.

*

Tangu Msimamizi aliporudi likizo, kila siku saa mbili kamili asubuhi, Mama Chiku alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Hakupiga kelele wala hakubeba bango. Bwana Lwambano akishuka kwenye gari, yule mama anamsalimu kwanza, maana ni mtu mwenye adabu zake, kisha anamuuliza: "Ulikwenda?" Akishamuuliza anaondoka kwenda kushona.

Hilo ndilo lililomshinda Bwana Lwambano. Angetukanwa angejua la kufanya, kifungu kipo. Alianza kuingilia dirishani, akachana suruali mbili. Alikonda. Asubuhi moja, nikiwa pale tena kwa mambo ya balbu, alisimama mbele ya Mama Chiku na mdomo ukafunguka. Naapa niliuona ulimi wake unasogea kutafuta hilo neno. Mama Chiku aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile niliona kitu kama uhai machoni mwake. Ndipo katibu muhtasi wa Msimamizi akatoka mbio, akamshika bosi wake mkono, akamwambia kuna simu kutoka Wizarani.

Kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye Jengo la Fahari. Lilisema kwamba, kutokana na sababu za kiufundi zinazotokana na swali, huduma ya maji imesitishwa hadi hapo utulivu utakaporejea.

Siku ya kwanza tulisema huu ni uonevu, tuko na Mama Chiku, hata tufe na kiu. Siku ya nne tulikuwa tunachota kwenye mfereji wa karibu na kiwanda cha ngozi. Siku ya tisa Bi Havijawa wa chumba namba kumi na moja, aliyemwosha Chiku kwa mikono yake, alikuja kwangu na watu wanane.

"Mwalimu, mtoto tumemlilia," alisema. "Mungu ni shahidi, tumemlilia. Lakini mimi nina wajukuu watatu wanaharisha. Aliyekufa hanywi maji."

"Mnataka nifanye nini?"

Bi Havijawa aliweka mezani kalamu, na karatasi nyeupe nzuri, zile za mistari miembamba.

*

Barua ile niliiandika kwa siku mbili. Katika uzee wangu nimeandika Barua za Sifa zaidi ya arobaini, na nyingine nilicheka peke yangu nikiziandika. Hii sikucheka. Niliandika kwamba hajapata kumsengenya mtu. Kwamba akipika pilau, harufu inakufikia kwanza na sahani inafuata. Kwamba alinishonea kola mbili wakati wa Idi akakataa shukrani. Kwamba alifiwa na mtoto wake wa pekee na hakumtukana yeyote, aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa adabu. Nilipofika mwisho niliisoma kuanzia juu, nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeandika barua ambayo kila neno lake ni kweli. Watu walipanga foleni kutia sahihi. Mimi nilikuwa wa kwanza, kwa wino mweusi.

Nikampelekea. Aliomba nimsomee, macho yake yameharibika kwa sindano. Nikamsomea mpaka mwisho.

"Haya yote mlikuwa mnayajua?" aliuliza.

"Tulikuwa tunayajua, Mama Chiku."

"Barazani mbona hamkuyasema?"

"Hatukuulizwa."

Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kukunja nguo.

Bwana Lwambano alikuja mwenyewe kugonga muhuri, na mizani yake mpya ikiwa nyuma ya gari. Alisema uzito ni mzuri. Akampa ufunguo wa chumba namba sita, Jengo la Heri, ng'ambo ya reli. Kule Jengo la Heri, nasikia, walipopata habari kwamba anakuja mpangaji mwenye barua nene hivyo, walianza kununua makufuli.

Tulimsindikiza kwa vigelegele, kama ilivyo desturi. Cherehani ilifungwa juu ya mkokoteni, na daftari la hesabu la mtoto likafungwa ndani ya khanga. Bwana Lwambano alikuwa amesimama pale pale, amejiandaa kwa swali, mabega yamempanda. Mama Chiku alimpita bila kumtazama. Alikuja kwangu.

"Mwalimu," alisema, "hicho chumba mnachonipeleka. Ulikwenda kukiona?"

Ng'ambo ya reli ni mwendo wa nusu saa. Miguu yangu ni mizima, na mtu aliyestaafu hana kazi ya kumchelewesha. Nikainama kukagua kamba ya mkokoteni, nikasema naona imekaza vizuri. Alingoja kidogo. Kisha mkokoteni ukaondoka, naye akaufuata.

Maji yalirudi saa nne asubuhi, nikajaza ndoo zangu zote. Hakuna baraza lililoniita, wala halitaniita, maana sina cheo na kanuni ya saba hainitaji mimi. Lakini yule mama aliuliza, na aliniuliza mimi. Jibu ni hili: sikwenda.